Njaa ya Mwenye Kujitunza, na Sinia la Nyumba Nzima

Mjini Garissa, sala ya alfajiri ikishamalizika na jua likiwa bado halijapata nguvu ya kuwarudisha watu vivulini, barabara iendayo kwenye daraja la Mto Tana huwa na waendao kwa miguu ambao hawana mzigo wala hawaharakii soko: kina mama waliovaa dera na mitandio mirefu juu ya viatu vya raba, wazee wenye kikoi na bakora, vijana wanaokimbia wawili wawili, na makarani wa afisi walioambiwa na tabibu kwamba shinikizo la damu halitashuka kwa vidonge peke yake. Watu hawa wamekwisha kuishinda nafsi katika jambo lililo zito, nalo ni kuamka. Na aghalabu yao wamekwisha kupunguza sukari, wameacha mandazi, na wamejipimia wali. Hata hivyo, ukiketi nao baada ya majuma machache ya juhudi hiyo na kuwauliza kinachowaelemea, hawatakutajia miguu, wala vumbi, wala joto ambalo katika Februari na Machi hupita nyuzi 35. Watakutajia njaa, njaa iwaamshayo usingizini, iwafuatayo kazini, na iwarudiayo baada ya isha kana kwamba mchana kutwa hawakutia kitu kinywani.

Malalamiko haya yanastahili kusikilizwa kwa heshima, ingawa wako wanaoona haya kuyatamka. Katika nchi hii ya Kaskazini Mashariki misimu mitano ya mvua iliyofuatana, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ilikosa au ilinyesha haba, mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara, na jamaa wengi waliokuwa na mifugo jana wakawa leo wanangojea unga wa msaada. Basi mtu hujiuliza, ni adabu gani kuzungumzia njaa ya mwenye chakula nyumbani? Rai yangu ni kwamba mambo haya mawili hukaa chini ya paa moja. Jamaa aliyepoteza kundi lake huhamia mjini, na mjini hula kile kilicho rahisi kupatikana, yaani mchele, sukari, unga mweupe na mafuta ya kupikia, asitembee tena mwendo wa malishoni; na baada ya miaka michache mama wa nyumba hiyo hiyo huambiwa hospitalini kwamba ana kisukari. Uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, watu 27 walikuwa na uzito uliozidi au unene, na wanawake walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanaume. Kwa hiyo anayejitahidi kupunguza mwili hajikwezi juu ya maskini. Anatibu dhara lililotokana, kwa sehemu kubwa, na mageuzi yale yale ya maisha.

Amma njaa yenyewe, la kwanza la kufahamika ni kwamba haitokani na udhaifu wa imani wala uroho wa nafsi. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua homoni iitwayo leptini, itokayo katika mafuta ya mwili na kuupasha ubongo habari za akiba iliyopo; na mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani wakagundua ghrelini, itokayo hasa tumboni, ambayo hupanda kabla ya chakula na kuamsha hamu ya kula. Mtu apunguapo uzito, leptini hushuka na ghrelini hupanda, na mambo hayo hayamaliziki kwa siku chache: wataalamu wa Melbourne, Australia, waliwafuatia watu 50 waliokuwa wamekula chakula kidogo mno kwa majuma 10, na katika taarifa yao ya 2011 wakaeleza kwamba hata baada ya mwaka mzima homoni hizo hazikuwa zimerejea mahali pake, na njaa ya watu wale ilikuwa ingali juu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuanza. Mwili katika hali hiyo hufanya kama mfugaji aliyetoka katika ukame, ambaye mvua ikinyesha hachinji wala hauzi, bali humzuia kila mtamba mpaka kundi lirudie idadi yake ya zamani.

Kutoka katika maarifa haya hupatikana hukumu mbili zenye manufaa. Moja ni kwamba anayejinyima kwa ghafula, akala mara moja kwa siku na kutembea masaa mawili juani, anajitafutia njaa asiyoweza kuihimili, na ndiyo maana wengi huanza kwa kishindo mwezi wa Shaaban na kufikia Shawwal wamezidi walivyokuwa. Kupungua nusu kilo kwa juma kwatosha, na kilo moja ni ukomo. Ya pili ni kwamba njaa kidogo itakuwapo, na mwenye kujitunza aikubali kuwa sehemu ya kazi, akitia bidii yake katika kuipunguza makali, maana kuiondoa kabisa hakumo katika uwezo wa mtu.

Wengi hudhani kwamba dawa ni kuongeza mwendo, ili chakula kiliwe kwa uhuru na miguu ilipe deni. Jambo hili limepimwa karibu na kwetu, kwa Wahadza wa Tanzania wakaao kandokando ya Ziwa Eyasi, watu waishio kwa kuwinda na kuchimba mizizi na kutembea sana kila siku. Herman Pontzer na wenzake, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, walikuta kwamba Mhadza, ukizingatia ukubwa wa mwili wake, hatumii nishati zaidi kwa siku kuliko Mmarekani akaaye kitini, kwa kuwa mwili uzoeao kazi nyingi hubana matumizi yake mengine. Hesabu ya mkahawani yaonyesha jambo lilo hilo kwa njia nyepesi. Mtu wa kilo 70 atembeaye saa moja kwa mwendo wa wastani hutumia kalori zipatazo 250. Kikombe cha chai chenye vijiko 3 vya sukari kina gramu 12 za sukari. Na vikombe 5, ambavyo ni kadiri ya kawaida kwa mtu apokeaye wageni na kuzungumza nao tangu asubuhi hadi magharibi, vina gramu 60, yaani kalori 240, kabla hujahesabu maziwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilisema sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja kwa kumi ya nishati ya siku, ambayo ni takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na kwamba nusu ya hapo ni bora zaidi. Basi mwendo wote wa alfajiri, kwenda darajani na kurudi, umekwisha ndani ya birika, na mnywaji hakushiba hata kidogo, kwa sababu sukari iliyomo katika kinywaji hupita tumboni bila kuacha shibe. Wala hili lisimvunje mtu moyo wa kutembea, kwani mwendo hushusha shinikizo la damu, hutuliza sukari mwilini, huleta usingizi mzuri, na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudie unene. Ila kazi ya kushibisha si yake, ni ya jiko.

Na jiko la watu wa nchi hii, kabla halijahamia mjini, lilijua kushibisha. Chakula cha mfugaji kilikuwa maziwa ya ngamia, mabichi au machachu, nyama pale ilipopatikana, nyirinyiri iliyokatwa vipande vidogo na kuhifadhiwa katika mafuta kwa safari ndefu, na nafaka kidogo. Wali, baasto (yaani tambi), halwa na chai nzito ya sukari vilikuwa vya mgeni, vya arusi na vya sikukuu. Mjini mambo yamepinduka: cha sikukuu kimekuwa cha kila siku, na cha kila siku kimekuwa adimu na ghali. Matokeo ya mapinduzi ya namna hii yameonekana kwa wafugaji wenzetu wa Turkana, ambao Amanda Lea na wenzake waliwachunguza na kuchapisha habari zao mwaka 2020, watu wazima zaidi ya 1,200. Waliobaki na mifugo na waliokaa vijijini kwa biashara ndogo walilingana kwa siha ya moyo na damu, ilhali waliohamia mijini ndio walioharibikiwa.

Kipi hushibisha na kipi hakishibishi, hilo nalo limepimwa. Katika mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwalisha watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo kimoja cha nishati, kisha wakawauliza kila baada ya robo saa wamejionaje. Mkate mweupe ulipewa alama 100, na viazi vya kuchemsha vikapata 323, juu ya vyote. Samaki, uji, machungwa, nyama, maharagwe na mayai vilikuwa juu ya mkate, na vitafunio vya siagi na sukari vilikuwa chini kabisa. Kanuni inayotoka hapo yafahamika bila ya chuo: hushibisha kile chenye protini, chenye nyuzinyuzi, chenye maji ndani yake na chenye kutaka kutafunwa.

Tuipeleke kanuni hiyo kwenye kifungua kinywa cha Garissa. Mtu amerudi kutoka darajani, jasho limemkauka, na mbele yake ziko anjera 3 zilizopakwa samli na kunyunyizwa sukari, na gilasi ya chai. Kijiko kimoja cha chakula cha samli kina kalori zipatazo 120, na vijiko viwili huzama katika vitundu vya anjera bila kuonekana; chakula hicho ni laini, hushuka upesi, na kufikia saa nne mlaji ameanza kutazama kibanda cha sambusa. Badala yake na ale anjera moja pamoja na maini ya mbuzi yaliyokaangwa kwa vitunguu na mafuta kidogo, au mayai mawili, na gilasi ya maziwa machachu ya ngamia yasiyotiwa sukari, na chai iwe kikombe kimoja. Mchana, kunde, ndengu au maharagwe vichukue nusu ya mahali pa wali. Nyama ya ngamia, ambayo mafuta yake ni machache, ipikwe kwa mchuzi. Na kando ya Mto Tana yako mashamba yatoayo matikiti, mapapai, nyanya, vitunguu na ndizi. Ndizi ambayo sisi huila pamoja na wali ni desturi njema, maadamu inapunguza wali na haiongezwi juu yake.

Baada ya kilicholiwa, hufuata wakati wa kula. Na katika jambo hili watu wa Garissa wana elimu ambayo wengine huinunua kwa fedha. Kila aliyefunga Ramadhani anajua kwamba siku za mwanzo njaa ya adhuhuri ni kali, na kwamba katikati ya mwezi, saa ile ile, haiji tena kwa nguvu, bali hungojea kukaribia magharibi. Sababu yake ni kwamba ghrelini hufuata mazoea: hupanda kuelekea saa ambazo mtu amezizoea kula, na saa hiyo ikipita bila chakula hushuka yenyewe. Njaa huja kwa mawimbi, na wimbi huvunjika. Mwenye kufahamu hivyo hujiwekea nyakati tatu zisizobadilika, akazishika siku za kazi na siku za mapumziko, akaacha kudonoadonoa kati yake, na baada ya majuma kadhaa tumbo lenyewe huanza kunyamaza katikati. Njaa imjiapo nje ya wakati, anywe maji kwanza na kungoja robo saa, hususan katika nchi ya joto kama hii ambamo aliyetembea amepoteza maji mengi na uchovu wa kiu hudhaniwa kuwa njaa. Wafungao Jumatatu na Alhamisi wamo katika njia hii tayari, ila wachunge futari: tende moja mbili, maji na supu, kisha sala, kisha chakula, kwa utaratibu huu mwili hupata muda wa kutambua kwamba umelishwa. Na daku iwe ya maharagwe, mayai au uji mzito, kuliko chai na mkate mweupe, ili ichelewe kuisha.

Usingizi nao ni sehemu ya mlo, ingawa hauliwi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wa kiume saa 4 tu kwa usiku mbili, na mara nyingine saa 10. Usingizi ulipopunguzwa, leptini yao ilishuka, ghrelini ikapanda, na njaa ikazidi kwa takriban robo, nao wakatamani zaidi vitu vitamu na vya wanga. Hapa lazima tuitaje miraa kwa uwazi, kwa sababu wako vijana wanaoisifu kwamba inaua njaa. Ni kweli kwamba mtafunaji hatamani chakula kwa masaa kadhaa. Lakini hutafuna kwa soda na chai ya sukari, hukesha, hulala baada ya alfajiri, na aamkapo hulipa njaa ya jana pamoja na ya leo, ilhali moyo wake na shinikizo lake la damu vimekwisha kutaabishwa. Dawa inayoahirisha njaa kwa kuuharibu usingizi haifai kuitwa dawa.

Sasa tumefika penye ugumu wenyewe. Mashauri mengi yaandikwayo juu ya mlo humdhania mtu mwenye sahani yake peke yake, aipimaye kwa mizani na kuimaliza akiwa na nafsi yake. Hapa kwetu hula watu watano, sita, kutoka sinia moja: wali umetandazwa, nyama ya mbuzi imewekwa katikati, ndizi pembeni, na mikono yote imo. Katika sinia hakuna aonaye kiasi alichokula, na mwenye kuacha mapema huonekana kama aliyekitia chakula aibu. Shangazi mwenye nyumba, ambaye wote humwita eedo, atamwangalia na kusema, "Mwanangu, mbona umenawa? Au chakula hakikukupendeza?" Naye hujibu kwa adabu, "Alhamdulillahi, eedo, nimeshiba. Mwenyezi Mungu azidishe riziki ya nyumba hii." Na eedo, kwa mapenzi tu, hukata kipande cha nyama chenye mafuta, akakiweka juu ya tonge la wali mbele yake na kusema, "Wallahi utakula hili kwa ajili yangu." Ni nani mwenye moyo wa kukataa?

Zipo tadbiri za kuyapita mambo haya bila ya kumvunjia mtu heshima. Dini yenyewe yafundisha mlaji ale cha mbele yake, na mtu aweza kujichorea kwa macho sehemu yake katika sinia na asiivuke. Aanze kwa nyama na kachumbari, na wali ufuate. Ale pole pole, anywe maji katikati, awe mwenye kuzungumza zaidi na mwenye kumega kidogo. Aliyealikwa asiende na njaa kali, kwani mwenye njaa hana miiko. Gilasi ya maziwa machachu nyumbani kabla ya kutoka humpa uwezo wa kuchagua. Na yako mafundisho ya Mtume, aliyoyapokea Miqdam bin Maadikarib na kuyahifadhi Tirmidhi, kwamba ikiwa hapana budi mtu kula zaidi, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Mwenye kuyataja kwa upole mbele ya eedo huwa hakukataa chakula chake, amekumbusha tu jambo ambalo wote waketio hapo wanaliamini.

Kabla ya kuhitimisha, haki ya siha yadai onyo. Njaa kali isiyokoma inayofuatana na kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara, au kukonda pasipo kukusudia, yaweza kuwa ni kisukari au maradhi ya tezi ya shingo, nayo haitaki shauri la gazeti, inataka kipimo cha damu. Atumiaye dawa za kisukari asifunge wala asipunguze mlo kabla ya kuonana na daktari, maana sukari yaweza kushuka ghafula. Na mja mzito, anyonyeshaye na mtoto anayekua si watu wa kujinyima. Kadhalika atetemekaye na kuona kizunguzungu katika mwendo wake wa alfajiri na asimame, ale, kisha akapimwe.

Nililokusudia kulisema hasa ni hili: njaa ya mwenye kujitunza haishindwi na ushujaa wa mtu mmoja. Baba anayetembea kila alfajiri na kurudi kwenye anjera zilizolowa samli, binti anayejipimia wali ilhali nyumba nzima inamcheka, mama anayewapikia wengine vinono na kujipikia mwenyewe mboga kando, wote watashindwa, na watajilaumu nafsi zao bila ya haki. Lakini nyumba ikikubaliana kwamba birika la chai litaletwa bila sukari na kila mtu ajitilie yake, kwamba sinia litakuwa na kunde na mboga nusu yake, na wali na nyama nusu, kwamba samli itapimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa, na kwamba anayesema ameshiba ataaminiwa, hapo mwenye kisukari hatahitaji chungu chake peke yake, watoto watakulia katika mazoea yasiyowahitaji kupungua baadaye, na wazee watayatambua mengi waliyokula malishoni. Jambo hili halingoji serikali wala zahanati mpya. Lahitaji mazungumzo ya usiku mmoja baada ya isha, ambamo apikaye na walao waketi pamoja na kuamua watakula nini kesho.